Sauti ya Fuwele Iliyovutwa

Mpiga ngoma huijongeza ngoma yake motoni kabla ya kuipiga, ngozi ikakazana na sauti ikapanda. Msikilizaji aliye mbali, asiyeuona moto, hawezi kusema kama sauti imepandishwa na joto au na kamba zilizokazwa. Shida kama hiyo humkabili mwanahesabu atakaye kueleza jinsi fuwele ya kwatsi inavyojibu inapovutwa.

Mawimbi yatambaayo juu ya uso wa vitu vigumu yalielezwa na Lord Rayleigh mwaka 1885. Ilipita miaka 80 ndipo White na Voltmer, huko Marekani, walipoonyesha njia nyepesi ya kuyaamsha kwa umeme: vidole vyembamba vya metali, vilivyopishana kama meno ya vitana viwili, juu ya uso wa fuwele. Umeme huitikisa fuwele, na mtikiso huwa wimbi. Katika mkato mmoja wa kwatsi upendwao sana, wimbi hilo huenda kiasi cha mita 3,158 kwa sekunde. Likitetema mara milioni 433 kwa sekunde, urefu wake ni kama sehemu saba za elfu za milimita.

Na ichukuliwe kwamba fuwele hiyo imegandishwa kwa gundi juu ya shafti ya mashine, nayo imerefuka sehemu moja katika milioni. Vidole huachana kwa kadiri hiyo, wimbi hurefuka, na mitetemo hupungua kama 433 kwa sekunde. Uzi wa zeze ukivutwa sauti hupanda, hapa hushuka. Hesabu hiyo yapendeza kwa wepesi wake, walakini ni pungufu. Fuwele iliyovutwa si ile ya kwanza iliyoongezewa urefu tu. Uzito wake kwa ujazo hubadilika, na ugumu wake pia, hata mwendo wa wimbi nao ukageuka. Badiliko hilo laweza kuukuza mshuko wa sauti au kuupunguza, kwa kadiri ya upande fuwele ilikokatwa na upande ilikovutwa. Mwanahesabu aliyeliacha hupata jibu safi la fuwele isiyokuwapo duniani.

Kisha huja joto, ambalo nalo hugeuza sauti. Dawa yake ni ya werevu: fuwele mbili huwekwa mshazari juu ya shafti, kila moja kwa nyuzi 45, zikielekea pande mbalimbali. Shafti isokotwapo, moja hurefuka na nyingine hubanwa. Joto huzigusa zote mbili sawa. Tofauti ya sauti zao basi husimulia msokoto peke yake, maadamu gundi imezishika kwa nguvu moja. Gundi ikilegea chini ya moja, hula sehemu ya mvuto kabla haujafika juu, na tofauti husema uongo. Uongo huo hurushwa kwa redio, pasipo waya wala betri, kutoka shafti izungukayo hadi kwa fundi, ambaye hawezi kuisimamisha kila saa akaitazame gundi.