Kidonge au Chungu cha Nyumbani?

Akina mama wenzetu, hapa Ilomba, Mbeya, tunaulizana mara kwa mara: je, tuwanunulie watoto vidonge vya vitamini ili wakue vizuri? Swali hili ni zito. Nyanda zetu za Juu Kusini hulisha nchi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa.

Kidonge cha vitamini hakina protini ya kumjenga mtoto wala nguvu ya kumshibisha. Kwa hiyo fedha kidogo tuliyo nayo huanzia sokoni: maharage, dagaa, mayai, mchicha, karoti. Mboga tunaziunga kwa mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A. Maharage tunayala pamoja na papai au chungwa, kwani husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Chai huyazuia, basi tunainywa baadaye.

Vidonge vya kuongeza damu apewavyo mjamzito kliniki, na matone ya vitamini A ya watoto, tusiviache. Lakini havichukui nafasi ya chakula. Kabla ya kuuza mayai na maharage, tutoe kwanza fungu la watoto.