Mstari wa Shosho

Ishiara,
Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Jua ni lile lile la Mbeere, na ndengu zimeanza kuingia sokoni. Nimeiona programu uliyotengenezea duka letu, na nimeringa nayo kwa majirani. Ila kile kitufe cha "Futa" kimeninyima usingizi.

Shosho yako, mteja akimaliza deni, alilipigia jina lake mstari daftarini. Jina lilibaki likisomeka chini ya wino. Hifadhidata haina wino huo: rekodi ikifutwa, imekwenda, labda uwe na nakala rudufu.

Yalinipata. Kazini zamani niliandika DELETE FROM wateja, nikabonyeza kabla ya kuongeza WHERE. Wote wakapotea kufumba na kufumbua, na nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki iliyotangulia. Tangu hapo naanza na SELECT yenye WHERE ile ile, nihesabu rekodi zinazorudi. Kisha BEGIN, nafuta, natazama idadi. Ikiwa ni 1 nilivyotarajia, COMMIT, ikizidi, ROLLBACK.

Halafu, mkulima anayetuuzia ndengu hayuko peke yake humo. Jedwali la manunuzi linamtaja kwa namba yake. Ukiweka ON DELETE CASCADE, ukimfuta yeye umefuta na kila gunia alilotuletea, nasi sheria ya kodi inatutaka tutunze kumbukumbu miaka 5. Weka RESTRICT, hifadhidata yenyewe ikukatalie.

Kwenye seva, namba inayotoka kwa kivinjari usiiamini. Ukiibandika ndani ya SQL ilivyo, mjanja atatuma 47 OR 1=1 na jedwali litabaki tupu. Acha alama ya kuuliza mahali pake, thamani ipitishwe kando, na uhakikishe anayefuta ana ruhusa. Ombi lije kwa POST, si kwa kiungo: mwaka 2005 Google Web Accelerator ilifungua viungo kabla watu hawajavibonyeza, vya kufuta vikiwemo.

Mkulima akiacha kutuuzia, usimfute. Ongeza sehemu ya "aliondoka_lini" ujaze tarehe. Huo ndio mstari wa shosho. Akidai data zake ziondolewe, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki kwa zile tusizo na sababu ya kuzishika. Hapo ondoa jina na simu, magunia yabaki.

Shosho anakusalimu. Anauliza kama jina lake limo humo ndani.

Wako,
Mjomba