Mti wa Kulalia Kwanza

Watu wengi wajengapo banda la kuku nyuma ya nyumba hufikiri kuta na mabati tu. Hupima, hununua misumari, hupigilia, na kazi ikiisha huwatia kuku ndani kama viazi katika gunia. Halafu huanza kuuliza: Mbona mayai ni machafu? Mbona kuku walala ndani ya viota? Mbona jirani aziba pua kila apitapo? Sisi twaona ya kuwa maswali hayo yafaa kuulizwa kabla ya msumari wa kwanza, tena karibu yote yajibiwa kwa swali moja: kuku atalala wapi?

Twawaandikia hasa ndugu zetu wa Butembo na Beni wenye viwanja vidogo, nao ni wengi. Tangu mauaji yalipoanza vijijini upande wa Beni, mwezi wa Oktoba 2014, watu maelfu kwa maelfu wameacha mashamba yao wakaingia mjini kwa jamaa zao. Nyumba iliyokuwa ya watu sita sasa ina watu kumi na mmoja. Zamani kuku hakuhitaji mipango mingi: mchana aliparua shambani, usiku alilala jikoni au juu ya mti. Mjini jikoni hulala watoto, na mti haupo.

Kwetu alifika mama mdogo, kutoka upande wa Oicha. Mzigo wake ulikuwa sufuria moja, vitenge viwili, na kuku majike watatu waliofungwa miguu nyuma ya pikipiki. Kuku hao ndio mkoba wake: mayai machache ni chumvi na sabuni, kuku mmoja ni dawa ya mtoto. Sasa wamezidi, ni majike wanane na jogoo mmoja. Wakifa wote, itampasa mama huyo kutuomba hata kipande cha sabuni, na yeye hakuzoea kuomba. Ndiyo maana banda hili halikuwa mchezo kwetu.

Nafasi tuliyokuwa nayo, kati ya ukuta wa nyumba na ua, yatosha banda la meta 2 kwa meta 1 na nusu, yaani meta za mraba 3. Kwa ndege tisa ni watatu kwa kila meta ya mraba. Wafugaji wengine huweka wanne au watano, lakini hao hawana mvua yetu. Hapa kwetu kuku hushinda ndani siku nzima, na kuku waliosongana huanza kudonoana manyoya.

Haya, mti wa kulalia. Kuku wa nyumbani ni uzao wa kuku wa mwitu wa misitu ya Asia ya kusini-mashariki, na yule wa mwitu hulala juu ya matawi, asifikiwe na adui. Huyu wetu hajasahau. Hata mguu wake umeumbwa kwa kazi hiyo: anapochuchumaa, mishipa ya nyuma ya mguu huvutwa, na vidole vyafumba vyenyewe juu ya mti, hata akisinzia haanguki. Basi usipompa mti atatafuta mahali palipoinuka, na humo bandani pameinuka wapi? Juu ya viota, au ndani yake, au ukingoni mwa chombo cha chakula. Atalala hapo, naye atakunya hapo usiku kucha. Mayai machafu hutoka huko.

Kuku mmoja ataka kama santimeta 20 za mti. Tisa wataka santimeta 180, basi mti mmoja wa meta 2, ulionyoshwa kandokando ya ukuta mrefu wa nyuma, watosha. Tuliuweka santimeta 30 mbali na ukuta ili mikia isisuguliwe, na santimeta 80 juu ya ardhi. Unene wake ni kama mpini wa jembe, au zaidi kidogo. Tulichagua mkaratusi, maana ni mwingi Butembo, tukauambua gome lote. Gome si pambo! Chini yake ndimo utitiri hujificha mchana, usiku wakatoka kunyonya damu ya kuku. Kwa sababu hiyo hiyo mti haukupigiliwa misumari. Umelazwa tu katika pengo mbili za mbao, nasi huutoa na kuumwagia maji ya moto, hasa penye pengo.

Hapo fundi wetu wa mbao alitupinga. Yeye alitaka miti mitatu kama ngazi, mmoja juu ya mwingine, ndivyo alivyokwisha kuona mahali. “Ni vizuri kwa macho, Mama,” alisema.

Mama mdogo akamjibu, “Fundi mwanangu, kuku hawalali kwa macho yako. Ukiwapa ngazi, kila jioni watapigania mti wa juu, na wa chini atanyewa kichwani.”

Mama huyu hajasoma habari za Thorleif Schjelderup-Ebbe, yule Mnorwe aliyewatazama kuku tangu utoto wake, na katika miaka ya 1920 akaandika kwamba katika kundi kila kuku ajua nani amdonoe na nani asimguse. Lakini wote wawili wamesema jambo moja. Wakuu hutaka juu. Mti ukiwa mmoja, juu ni pamoja, na ugomvi wapungua. Fundi akacheka, akaikata ngazi yake kuwa kuni.

Chini ya mti huo, santimeta 20 hivi, tuliweka ubao wenye upana wa santimeta 60. Sehemu kubwa ya mavi ya kuku huanguka usiku, nayo huanguka mahali pamoja. Ubao huyapokea yote. Asubuhi mtoto mmoja hupitisha kipande cha bati, hukwangua, hutia katika ndoo yenye majivu, na kazi yaisha kabla chai haijapoa. Humo ndimo jirani alimopatia nafuu ya pua yake. Na chini ya ubao kuku hutembea kama kawaida, hatukupoteza hata kipande cha sakafu. Mbolea hiyo ni kali. Twaiacha ioze miezi kadhaa kabla ya kuipeleka kwenye kabichi na vitunguu.

Mti ukiisha kupata mahali pake, viota vyajipanga vyenyewe: viwe chini kuliko mti. Vikiwa juu, vitakuwa vitanda. Sisi tuliviweka ukuta mfupi wa kushoto, santimeta 40 kutoka chini. Ni viwili tu, maana kimoja chatosha majike wanne. Yai huchukua kama saa 25 kuumbika tumboni, kwa hiyo kuku hatagi saa ile ile kila siku, wala hawaji wote pamoja. Kila kiota ni santimeta 30 kwa 30, na kimo 35. Kuku apenda giza anapotaga, basi tulipigilia kipande cha gunia mbele kama pazia. Paa la viota tulilifanya la mteremko mkali, asipate ndege wa kukaa juu yake. Na nyuma, upande wa nje, kuna mlango mdogo wenye kufuli: mayai hutolewa bila mtu kuingia bandani. Ufunguo wake anao mama mdogo, shingoni.

Chakula na maji visikae chini ya mti wala chini ya viota. Kwetu viko upande wa mbele. Chombo cha chakula ni kirefu, kuku hula pande zote mbili, nacho kimeinuliwa sawa na mgongo wa kuku. Kikiwa chini watamwaga nusu kwa kuparua. Kuku mmoja hunywa karibu robo ya lita kwa siku, na zaidi penye joto. Dumu la lita 3 latutosha. Tumelining'iniza mbali na chakula, juu ya mawe machache, kwa kuwa maji yakimwagika juu ya matandiko ndipo ule ugonjwa wa kuhara damu hupata nyumba, na vifaranga ndio wa kwanza kufa.

Juu ya matandiko tuna neno moja la kuonya. Maranda ya fundi ni mazuri, kadhalika makapi ya mpunga na maganda ya kahawa, yakiwa makavu, kimo cha santimeta 8 au 10. Lakini ndugu zetu wa Beni wana kakao nyingi, na mtu aweza kuona maganda ya mbegu zake yametupwa bure akasema, “Hili ni tandiko.” Sivyo. Kakao ina sumu kwa kuku, nao hudonoa kila walalialo.

Katika pembe iliyobaki tuliweka karai kuukuu lenye majivu na udongo mkavu. Humo hujitupa na kujipaka vumbi, na chawa wapungua. Pembe hiyo yatazama mashariki, jua la asubuhi huikausha.

Sasa hewa. Butembo iko juu ya meta 1,700, na usiku wake wajua baridi. Beni, mwendo wa kilometa 50 na kitu tu, iko chini sana kuliko sisi, na joto lake ni jingine. Kwa hiyo ramani ni moja, kuta ni mbili. Sisi tulizungusha mbao upande wa mti wote mpaka juu ya vichwa vya kuku, tukaacha nafasi ya kiganja chini ya mabati, yenye waya, ili hewa chafu itoke bila upepo kuwapiga waliolala. Mtu wa Beni afanye ukuta wa mbele wote wa waya, akiacha mbao nyuma ya mti tu. Kuziba banda lote kwa ajili ya baridi ni kosa la watu wenye huruma. Ukiingia asubuhi macho yakakuwasha, ujue kuku wamevuta hewa hiyo usiku mzima.

Mlango uko upande wa kulia, upana wa santimeta 70, mtu mzima aingie ameinama kidogo. Nje yake tumetundika ndoo ya maji na sabuni. Wakati wa Ebola, tangu 2018 mpaka 2020, kila mlango wa Beni na Butembo ulikuwa na ndoo ya namna hiyo. Mikono yetu imekwisha kuzoea, ya nini kuiachisha?

Tena kuna faida moja ya mti ambayo fundi hakuifikiri. Kideri, kimalizacho kundi zima kwa siku chache, hakina dawa, kina chanjo tu, tone moja jichoni, kila baada ya miezi minne ikiwa ni ile isiyoharibiwa upesi na joto. Nani atawakimbiza kuku tisa uani mchana? Sisi huingia usiku na taa ndogo. Wamekaa mstari mmoja, kimo cha kifua cha mtu aliyeinama, wamesinzia. Mmoja hushika, mwingine hutia tone, wa tatu huhesabu.

Kazi ilipokwisha tuliwaingiza jioni, tukawafungia ndani siku saba, wakila na kunywa humo humo, wapajue kwao. Siku ya nane mlango ulifunguliwa. Walishinda uani, na jua liliposhuka walirudi mmoja mmoja, wakaruka ubaoni, kisha juu ya mti. Jogoo alikuwa wa mwisho. Mama mdogo alichungulia kwenye waya, akahesabu kwa kidole, akafunga kufuli.