Muhuri niliouosha mwenyewe

Leo naweka kodi kando niwaeleze kosa nililolifanya kwenye beseni la maji.

Mimi hukusanya stempu za Jamaica za enzi ya ukoloni. Nilianza na reggae, nikaishia kwenye stempu! Utamu wake si picha ya Malkia, ni muhuri wa posta. Kuanzia 1858 stempu za Uingereza zilitumika kisiwani, na zikaja kupigwa mihuri ya namba: A01 ni Kingston, na A27 hadi A78 ziligawiwa ofisi nyingine. Jamaica ilipotoa stempu zake Novemba 1860, mihuri ile iliendelea kutumika. Ndiyo maana stempu ya bei rahisi yaweza kuwa na thamani kubwa kwa sababu tu ya kijiji ilikopigwa muhuri.

Baadaye, ofisi mpya ilipofunguliwa, mara nyingi ilipewa muhuri wa mpira mpaka ule wa chuma ufike. Wino wake aghalabu ni wa zambarau. Ilitumika kwa muda mfupi, hivyo mingine ni adimu sana.

Basi nikapata peni moja ya Malkia Victoria, ingali kwenye kipande cha bahasha, na wino wa zambarau juu yake. Kwa haraka nikailoweka, kama tulivyofanya utotoni. Stempu ikabanduka, wino ukachuja, karatasi nikaitupa. Kwenye skana zikabaki herufi tatu hafifu: ILL.

Nikaandika programu ya kulinganisha herufi hizo na orodha ya majina ya mahali. Ikaleta Guy's Hill, Stony Hill, Jack's Hill na mengineyo. Nikapima mkao wa herufi kwenye duara ili nikadirie urefu wa jina. Wapi! Stony Hill na Jack's Hill zina herufi tisa kila moja. Jibu lilikuwa kwenye ile karatasi, maana muhuri huangukia nusu kwenye stempu na nusu kwenye bahasha.

Kazini kila siku nawahubiria wenzangu kuweka nakala ya data kabla ya kugusa chochote. Nyumbani nikasahau. Siku hizi napiga skana kwanza, pande zote mbili, kisha naiacha stempu ikae kwenye karatasi yake.

Nawe, ukikuta barua za babu kabatini, tafadhali usizitie maji.