Kwea pipa kwa akili: Addis hadi Guangzhou

Wiki hii tunakwea pipa. Tunatoka Kariakoo, tunapita Addis Ababa, tunatua Guangzhou kwa Wachina. Kutoka Dar hadi Addis ni saa 3 hivi, halafu kama saa 10 nyingine hadi Guangzhou.

Ukishuka Bole, kitu cha kwanza kukupokea ni baridi. Uwanja uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo koti usilifungie kwenye begi la chini. Cha pili ni saa. Wenyeji wanahesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri. Saa mbili yao asubuhi ni saa mbili yetu, ingawa tiketi itakuandikia 08:00. Hata kahawa wanaiita buna, si mbali na buni yetu. Kaa kwenye viti uangalie watu: Mkongo, Mnaijeria, Mbongo, wote wanakwenda na mabegi mepesi na kurudi nayo yamevimba.

Sasa tuje kwenye mapene. Nauli hupanda pale kila mtu anapotaka kusafiri. Maonyesho ya Canton Fair hufanyika Guangzhou mara 2 kwa mwaka, kuanzia Aprili na Oktoba. Kama wewe shida yako ni maduka tu, chagua miezi mingine. Desemba ipishe. Na Mwaka Mpya wa Kichina usidanganywe na bei chee, maana viwanda vinafungwa.

Kuna wajanja wanaokata tiketi 2, moja ya Dar hadi Addis, nyingine ya kuendelea. Inaweza kuwa nafuu kweli, lakini ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji, na nauli imeliwa. Ukiwa na tiketi moja nayo, usiruke kipande cha kwanza ukidhani utaidaka ndege mbele ya safari. Usipotokea Dar, safari yote iliyobaki inafutwa.

Vipi kuhusu pointi? American Airlines walianzisha mchezo wao mwaka 1981, na wengine wakaiga. Ethiopian wana ShebaMiles, na kujiunga ni bure. Wengi hujiunga wakiota tiketi ya bwerere. Pole pole, mshikaji! Tiketi ya bei chee mara nyingi hutoa pointi kiduchu. Watu 2 wanaweza kukaa viti jirani, mmoja akavuna na mwingine akaambulia makombo, kwa sababu ya herufi ya daraja la nauli iliyo kwenye tiketi. Na hiyo ya bure yenyewe bado utailipia kodi.

Utamu wenyewe kwa mtu wa mzigo uko kwingine: kupanda daraja. Ethiopian wamo kwenye Star Alliance tangu 2011, pamoja na Air China, Shenzhen Airlines, Turkish na Singapore Airlines. Ukipanda yoyote kati ya hizo, toa namba ileile moja. Ukifika Gold, unaongezewa begi 1, au kilo 20 pale mzigo unapopimwa kwa uzito. Piga hesabu: begi la ziada kila safari, bila kulipia. Duka la Kariakoo linajazwa na kilo, halijazwi na ndoto za tiketi ya bure.

Kwa hiyo usiwe na kadi 5 zenye pointi kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba kimoja, si vitano. Jina la kwenye kadi lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Bodingi pasi usiitupe mpaka uone pointi zimeingia. Zisipoingia, hiyo ndiyo shahidi wako. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni, hasa ukikaa Addis muda mrefu.

Safari njema, na ukirudi usisahau zawadi!