Anayekikalia Kiti Ndiye Anayekijua: Kumchagulia Padre Mzee Kiti Mwendo cha Umeme



Ndugu wasomaji, karibu kila jimbo lina padre mzee au mgonjwa ambaye miguu yake haimbebi tena. Wapo pia watawa, makatekista na wazazi wetu nyumbani. Mara nyingi tunawaombea, tunawatembelea na kuwapelekea Komunyo Takatifu, lakini suala la namna watakavyotoka chumbani tunawaachia wahisani. Mwaka huu Gombera alitukabidhi sisi majandokasisi wa mwaka wa tatu wa teolojia kazi ya kumsaidia mmoja wa walimu wetu kuchagua kiti mwendo cha umeme. Tunaandika haya kwa sababu kazi hiyo imetugusa kuliko tulivyotarajia, na kwa sababu huenda wewe pia utapewa kazi kama hiyo kesho.

Padre huyo alifundisha Maandiko Matakatifu hapa kwa miaka mingi. Kiharusi kilimwacha na udhaifu wa mkono na mguu wa kushoto. Akili ni ileile, utani ni uleule, na mkono wa kulia una nguvu. Kiti cha kawaida cha kusukuma kwa mikono hakikumfaa, kwani anayesukuma gurudumu moja tu huzunguka palepale. Kwa hiyo tulikuwa tukimsukuma kwa zamu. Siku moja alituambia, bila kulalamika, "Wanangu, mnanisukuma vizuri. Lakini nikitaka kwenda mbele ya Ekaristi saa kumi na moja alfajiri, lazima nimwamshe mtu. Nami siwezi kumwamsha kijana anayesomea mtihani. Kwa hiyo siendi."

Neno hilo la mwisho lilituelewesha nini hasa kilichokuwa kikitafutwa. Padre alikuwa na watu wa kumbeba. Alichokosa ni uwezo wa kuamua mwenyewe kwenda kusali.

Viti vya aina hii vina historia ya kutia moyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mhandisi George Klein wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada alishughulikia kiti cha umeme kwa ajili ya askari waliorudi wakiwa wamepooza, wengine wakiwa hawana nguvu hata mikononi. Kiti hicho kiliongozwa kwa kijiti kidogo, ambacho wauzaji wa leo hukiita joistiki. Ukikisukuma mbele, kiti kinakwenda mbele. Ukikivuta, kinarudi nyuma. Ukikilaza upande, kinakata kona. Ukikiachia, chenyewe hurudi katikati, mota husimama na breki hushika. Mtu anaweza kukiongoza kwa vidole viwili.

Tukiwa bado tunaulizia bei, marafiki wa seminari walioko Ulaya walituandikia kwamba wana kiti cha umeme kilichotumika, kizuri, na wako tayari kukituma bure. Tulifurahi, maana seminari huishi kwa ukarimu wa watu. Kabla ya kujibu, tuliwaomba vipimo. Kiti kilikuwa na upana wa sentimita 52 mahali pa kukalia, na kijiti chake kilikuwa upande wa kushoto. Padre wetu ni mwembamba, nyonga zake zina upana wa sentimita 38, na mkono wa kushoto ndio usiofanya kazi. Upande wa kijiti unaweza kubadilishwa na fundi, lakini mwili wa mtu haubadilishwi ufuate kiti. Anayekaa kwenye kiti kipana kupita kiasi huinama upande mmoja, mgongo hupinda, na uzito wote huangukia mfupa mmoja wa makalio.

Hapo palizuka mjadala. Wengine walisema kitu cha bure hakikataliwi, mito itajaza nafasi iliyobaki. Wengine waliogopa kuwavunja moyo wahisani. Tulimpelekea Padre suala hilo, naye akasema, "Waandikieni ukweli kwa heshima. Anayetoa kwa upendo anataka kitu chake kimfae mtu." Tuliwaandikia, tukawashukuru, tukawatumia vipimo. Walijibu kwamba kiti kile watampa mtu kinayemtosha, na wangependa kuchangia betri za kile tutakachokichagua. Ukweli uliosemwa vizuri haukuvunja urafiki.

Tulimwendea mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nchi yetu ina bahati: pale KCMC mjini Moshi kuna chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho kimefundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika. Ukitaka kununua kiti, anza na mtu aliyesomea kazi hiyo, ndipo uende dukani. Mtaalamu wetu alianza kwa kumwuliza Padre maswali: unaamka saa ngapi, unakaa kwa muda gani bila kulala, unakwenda wapi, njia ikoje, unahamaje kutoka kitandani? Ndipo akachukua futi kamba.

Kuhusu starehe, alitueleza jambo ambalo sasa tunalirudia kwa kila mtu: kwa mtu anayekaa kutwa nzima, starehe si anasa. Mto mbaya huleta vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo vikiingia usaha vinaweza kuua. Alimketisha Padre juu ya mto, akaingiza vidole kati ya mto na mfupa wa makalio ili aone kama mfupa unagusa ubao wa chini. Mto wa kwanza ulikuwa laini na mzuri kwa macho, lakini ulibonyea wote. Wa pili ulikuwa mgumu kidogo, ukambeba. Akapima kina cha kiti ili ukingo wa mbele usibane nyuma ya magoti, akapandisha mahali pa kuwekea miguu ili mapaja yalale sawa, akarekebisha kiegemeo kishike mgongo bila kuzuia bega. Alimwagiza pia ajiinamishe mbele au upande mara kwa mara ili damu ipite, na anayemwogesha aitazame ngozi kila siku.

Kuhusu usalama, tulikitazama kiti kwa macho ya mazingira yetu. Njia ya kutoka nyumba ya mapadre hadi kanisani ni changarawe, na wakati wa masika hugeuka tope. Magurudumu madogo ya mbele huzama kwenye njia kama hiyo, kwa hiyo tulichagua kiti chenye magurudumu ya mbele makubwa kiasi, na vigurudumu vya nyuma vinavyozuia kiti kupinduka kinapopanda. Matairi ya upepo hupunguza mtikisiko lakini hupata pancha. Ya mpira mgumu hayapati pancha lakini hutikisa mifupa. Padre alichagua ya upepo, akasema baiskeli yake ya ujana ilimfundisha kuziba pancha, nasi tutafundishwa.

Betri ni mbili za volti 12, zilizounganishwa kutoa volti 24. Huchajiwa usiku kucha. Umeme wetu hukatika, kwa hiyo tulikubaliana chaja ichomekwe kila jioni, hata kama betri haijaisha, maana betri ya risasi ikiachwa tupu huharibika. Tulihakikisha pia kwamba betri za aina hiyo zinapatikana mjini. Kiti ambacho betri yake lazima iagizwe ng'ambo kinaweza kugeuka pambo la stoo.

Jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi ni hili: nani ashike kijiti? Vipo viti vyenye kijiti cha pili nyuma, kwa ajili ya msaidizi. Baadhi yetu walitaka hicho pekee. Hoja yao ilikuwa ya upendo: mzee wa miaka 78, aliyepata kiharusi, kwenye mteremko, alfajiri, peke yake, akianguka tutamwambia nini Askofu? Padre aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu, "Mkinifunga kitandani nitakuwa salama zaidi." Tulicheka, lakini alikuwa hatanii.

Mtaalamu alitupatia njia. Kiti chenye mfumo unaopangika kinaweza kupunguziwa kasi na kufanywa kianze taratibu, ili mkono ukishtuka kiti kisiruke. Kasi ya juu ya viti vingi vya namna hii ni kama kilomita 6 kwa saa, sawa na mtu anayetembea kwa haraka. Cha Padre kilipangwa kuwa chini ya nusu ya hapo kwa wiki za mwanzo. Alifanya mazoezi uwanjani, akizunguka kati ya ndoo tulizozipanga: kwenda mbele, kurudi nyuma, kusimama ghafla, kupita mlangoni. Alifunzwa kufunga mkanda na kuzima kiti kabla ya kuhamia kitandani. Nasi tulifunzwa zile klachi mbili za nyuma, zinazotenganisha mota na magurudumu ili kiti kisukumwe kinapoharibika, na kwamba haziguswi kamwe kikiwa kwenye mteremko, maana hapo kiti hakina breki za mota. Filimbi ilifungwa kwenye kiegemeo cha mkono. Hivyo Padre ndiye anayeongoza, nasi tuko karibu.

Yako mambo ambayo muuzaji hawezi kuyajua. Kanuni ya 930 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamruhusu padre mgonjwa au mzee asiyeweza kusimama kuadhimisha Misa akiwa ameketi. Mbele ya waamini anahitaji ruhusa ya mamlaka ya Kanisa mahalia, nayo imepatikana. Lakini kijiti kinachochomoza mbele ya kiegemeo cha mkono hugonga meza kabla mtu hajaifikia. Kwa hiyo tulichagua kiti ambacho kijiti chake husukumwa kando, ili Padre aisogelee altare. Tuligundua pia kwamba mikono mipana ya alba hunasa kwenye kijiti, na stola huning'inia karibu na gurudumu. Sasa mtumishi hukunja mkono wa alba, na kiti huzimwa mara Padre anapofika mahali pake. Mvua ikinyesha, kijiti huvikwa mfuko wa nailoni, kwa sababu maji yakiingia humo huharibu vifaa vya ndani.

Kiti bora hakipandi ngazi. Mlango wa kanisa letu una ngazi tatu, kimo cha sentimita 45. Kipimo kinachotumiwa sana ni mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kupanda, kwa hiyo njia ya mteremko ilihitaji mita 5.4. Tuliimwaga zege wenyewe Jumamosi mbili. Wa kwanza kuitumia baada ya Padre alikuwa mama mmoja wa kigangoni mwenye magongo. Alituambia kwamba tangu zamani alikuwa akisikiliza Misa akiwa nje. Sisi tulidhani anapenda upepo.

Kanisa limewahi kupokea mengi kutoka kwa mtu aliyebebwa kwenye kiti. Mwenyeheri Hermann wa Reichenau, mmonaki wa karne ya 11, hakuweza kutembea na alitegemea kubebwa na wengine. Akaandika juu ya hesabu, nyota, muziki na historia. Wenzake walimbeba, naye akawafundisha. Padre wetu pia sasa ameanza tena kipindi cha Injili ya Marko, darasani, akiwa amefika mwenyewe.

Katika Injili hiyohiyo yupo Bartimayo, kipofu wa Yeriko. Kila aliyekuwepo aliona shida yake. Hata hivyo Yesu alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Bwana hakudharau ujuzi wa mtu mwenye shida juu ya maisha yake mwenyewe. Tukienda parokiani kama mashemasi na mapadre, tutakutana na wengi ambao tumezoea kuwaamulia: mzee, mgonjwa, mlemavu, hata maskini. Huruma yetu ni njema, lakini isipouliza huleta kiti kipana, kijiti upande usiofaa, na mlango wenye ngazi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Jumapili hii chukua futi kamba. Pima mlango wa kanisa lenu, hesabu ngazi, kisha nenda kwa yule asiyefika, ukae naye, umwulize.