Papai la Beni na sindano ya mgongo

Kutoka mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, barabara ya Kasindi huteremka kuelekea bonde la mto Semuliki. Mbele yake imesimama milima ya Ruwenzori, mara nyingi imejifunika mawingu. Kwa miongo mingi watu wa eneo la Beni wameuza nje zao ambalo wageni hawalitarajii: utomvu wa papai.

Kazi hiyo ni ya alfajiri. Mkulima huchanja ganda la papai bichi kwa wembe, chale nyembamba zisizofika ndani, na maziwa meupe hudondokea kwenye kitambaa kilichotandazwa kuzunguka shina. Kisha hukaushwa. Utomvu huo hula ngozi, na asiyejikinga huchubuka vidole. Mama aliyewahi kufunga nyama ngumu kwa jani la mpapai haelezwi sababu.

Viwanda huutumia kulainishia nyama na kung'arishia bia. Lakini maziwa ya papai ndiyo pia yaliyotoa dawa ya kwanza ya kutibu diski ya mgongo kwa sindano, bila kupasua.

Mwaka 1956 daktari Mmarekani, Lewis Thomas, aliwadunga sungura papaini mshipani. Masikio yao yalilegea na kuning'inia, maana gegedu iliyoyasimamisha ilikuwa imedhoofika. Siku chache baadaye yakasimama tena. Daktari wa mifupa wa Illinois, Lyman Smith, alifikiria mgongo. Kati ya pingili na pingili kuna diski, mfano wa mto mdogo wenye ute katikati. Ute huo ukitokeza nje hubana mshipa wa fahamu, na maumivu ya kiuno hushuka hadi mguuni. Mwaka 1963 alimdunga mgonjwa wa kwanza kaimopapaini, ndugu ya papaini, moja kwa moja ndani ya diski. Lengo lilikuwa kuyeyusha sehemu ya ute ili mshipa upate nafasi.

Marekani iliiidhinisha dawa hiyo mwaka 1982, na wengi walipona bila kisu. Hata hivyo, wachache walipata mzio wa kutisha, na wengine walipooza. Mwaka 2003 ikaacha kuuzwa huko. Kwa hiyo anayewauzia wagonjwa utomvu wa papai kama dawa ya mgongo anawadanganya. Haupenyi ngozi ukafika kwenye diski, utawaunguza tu.

Wazo la Smith halikufa. Mwaka 2018 Japani iliidhinisha sindano nyingine ya ndani ya diski, kondoliezi, inayotokana na bakteria. Hata huko si ya kila kiuno kinachouma, kwani wengi wenye diski iliyotokeza hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa kwa dawa za maumivu na kuendelea kutembea. Asiyesubiri ni yule ambaye mguu unaishiwa nguvu, amekufa ganzi katikati ya mapaja, au mkojo umeziba au unamtoka bila kujua. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.